Jumanne ya Kusifiana

Sanduku halikuwepo.

Meza ilikuwepo. Kitambaa cha meza kilikuwepo. Viti vitano vilikuwa vimepangwa mduara kama kawaida. Lakini sanduku la mbao, ambalo jana yake saa kumi na moja jioni lilikaa juu ya kitambaa kile likiwa limefungwa kwa utepe wa karatasi wenye sahihi za watu watano, halikuonekana. Kilichobaki ni kipande cha ule utepe, urefu wa kidole, kimenata ukingoni mwa meza.

Inspekta aliinama akakitazama kipande kile bila kukigusa. Kituoni vijana humwita Kobe, ila si mbele yake. Kobe hakuwa mtu wa haraka, na asubuhi ile kila mtu alimtaka awe na haraka.

"Mnalihitaji saa ngapi?" akauliza.

"Saa tisa alasiri," alijibu mwenyekiti wa kikundi, fundi cherehani waliyemwita Mama Pindo. Sindano mbili zilikuwa zimechomekwa kifuani mwa gauni lake na hakuwa na habari nazo. "Saa tisa kamili wanunuzi wa hospitali mpya wanatusubiri. Tukichelewa wanaita wengine. Na sasa hivi, afande, ni saa mbili na nusu."

"Naona."

"Unaona, lakini hukimbii."

Inspekta alimwita konstebo wake aanze kupiga picha, kisha akamwita mtaalamu wa alama za vidole. Mtaalamu akapaka unga wake, akafuta, akapaka tena, akasema amepata alama sita nzuri kabisa.

"Majibu lini?"

"Wiki ijayo, Mungu akipenda."

Mama Pindo alikaa chini kwenye kiti kilichokuwa karibu.

Jengo lenyewe lilikuwa ghala la zamani lililogawanywa vyumba kwa mbao. Ndani yake walifanya kazi watu watano: Mama Pindo na cherehani zake, seremala, mchapaji wa kadi, mtengeneza sabuni aitwaye Mama Povu, na mshona viatu waliyemwita Fundi Soli. Mmoja mmoja, hakuna aliyekuwa na ubavu wa kuihudumia hospitali. Ndiyo maana miaka sita iliyopita waliungana. Mteja akija kwa seremala, akitoka anaelekezwa kwa fundi cherehani. Akitoka kwa fundi cherehani ana kadi ya mchapaji mfukoni. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hawa walikuwa wamevunja chawa wa kutosha hata hospitali ikawasikia. Iliwataka walete sampuli: sare ya nesi, viatu, sabuni, kigoda cha kupandia kitandani, kadi za wagonjwa. Vyote katika sanduku moja, kwa sababu tenda ilikuwa ya wote au hakuna.

Inspekta alianza na mlinzi wa geti.

"Ufunguo wa chumba cha mikutano unakaa wapi?"

"Kwenye msumari, nyuma ya mlango wangu."

"Nani anajua?"

"Kila mtu, afande. Ndiyo kazi ya msumari."

"Geti ulifungua saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Akaingia Seremala na mbao zake. Akaingia Mama Povu na toroli lake la madebe, anawahi kupasha mafuta. Akaingia Mchapaji na mabunda ya karatasi. Halafu Mama Pindo, na yeye ndiye aliyepiga kelele."

"Na Fundi Soli?"

"Alikuja kelele zikiwa zimeshapigwa. Yule siku hizi anatembea polepole."

"Aliyetoka na mzigo?"

Mlinzi akakuna kidevu. "Hapa watu hutoka na mizigo siku nzima. Sikagui. Ila, afande..." Akasogea karibu. "Mchapaji nilimsikia kwenye simu. Alisema, 'Leo halifiki, nimekwambia halifiki.' Kwa sauti ya chini hivi."

Basi dakika arobaini zikaliwa na Mchapaji. Alikuwa mwembamba, mwenye wino kwenye kucha, na aliposikia alichoulizwa alitokwa jasho mpaka miwani ikateleza puani.

"Lori, afande. Lori la karatasi. Limeharibika njiani, nikamwambia mteja wangu leo halifiki."

"Mbona kwa sauti ya chini?"

"Wewe ungemwambia mteja jambo hilo kwa sauti ya juu?"

Inspekta alipiga simu kwa dereva wa lori, akampata, akasikia injini na matusi. Mchapaji alikuwa mkweli. Ilikuwa saa nne kasoro robo.

Seremala ndiye aliyeeleza habari ya viti. Alikuwa mtu wa maneno mengi, penseli sikioni.

"Wewe unatengeneza nini hasa?" Inspekta alimwuliza.

"Mimi? Sisemi. Muulize Mchapaji, wiki hii ni zamu yake kunisemea."

"Kukusemea maana yake nini?"

"Ni sheria yetu. Kila Jumanne tunakaa kwenye viti vile. Hapa mtu hajisifu, husifiwa. Wiki hii unamsemea aliyekaa kulia kwako, wiki ijayo wa kushoto. Unasimama, unaeleza uzuri wa kazi yake mpaka mwenyewe aone haya. Na tukienda kwa wateja ni vilevile. Mtu akijisifu nani atamwamini? Lakini akisifiwa na jirani, lazima usikilize."

"Na ubaya wa kazi yake unausema lini?"

Seremala alimtazama kana kwamba ameulizwa mama yake anaoga lini. "Ubaya hausemwi, afande. Ukianza kusemana ubaya, kikundi kitadumu?"

Inspekta aliwauliza wote kama kuna ugomvi. Hakuna. Wivu? Hakuna. Mtu anayetaka kujitoa? Hakuna. Katika miaka yake ya kazi alikuwa ameona majambazi, matapeli na ndugu waliogawana urithi kwa mapanga, lakini kikundi cha watu watano wasio na neno baya hata moja hakuwahi kukiona. Kilimtia wasiwasi kuliko wale wa mapanga.

Fundi Soli alikuwa kwenye kibanda chake, amekaa mbele ya kalibu za mbao zenye umbo la miguu zilizopangwa ukutani. Alivaa glavu nyembamba za pamba. Inspekta alipompa mkono, mzee alitoa kifundo cha mkono badala ya kiganja.

"Samahani, mwanangu. Gundi."

"Mzee wangu, viatu vyako vilivyomo sandukuni, unaweza kushona vingine kabla ya saa tisa?"

Fundi Soli akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Jozi ile nimeishona siku arobaini. Zamani ningeshona kwa siku nne. Vidole vimechoka."

"Tenda hii ina maana gani kwako?"

"Nikuambie ukweli? Tukiipata, nitapewa vijana wanne wa kushona na mimi nitakuwa nawaelekeza. Macho yangu bado yanaona kosa kwa mbali. Tukiikosa, mwisho wa mwezi nafunga. Binti yangu ameshanitengenezea chumba kwake. Chumba kizuri, kina feni, kina kitanda cha sponji. Anasema, 'Baba, njoo upumzike.'" Akaokota sindano, akaiweka. "Mimi nikipumzika nakufa. Simlaumu, ananipenda. Lakini naogopa kile chumba, afande. Silali kwa kukiogopa."

Konstebo alitazama pembeni.

"Viatu vyenyewe vikoje? Nikiviona nivijue."

"Vyeupe, vya kamba. Jana baada ya chakula cha mchana nilitoa soli za ndani nikaweka nyingine, za ngozi laini. Nimezitoboa vitundu kwa sindano, kimoja kimoja, ili mguu wa nesi upumue. Nikavifunga palepale kwenye karatasi ya khaki aliyotugawia Mchapaji. Vitu vyote vimefungwa kwa karatasi hiyohiyo, ili sanduku likifunguliwa tuonekane kitu kimoja."

"Nani aliona hizo soli mpya?"

"Hakuna. Nilitaka wenzangu wazione leo, mbele ya wanunuzi, washangae nao."

Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Mama Pindo alikuwa anazunguka uani, simu sikioni, akiwaomba hospitali wasogeze mbele hata kwa saa moja. Walikataa. Akapiga tena. Wakakataa tena, safari hii kwa ukali.

Mama Povu alikuwa wa mwisho. Chumba chake kilikuwa na joto, sufuria kubwa mbili, madebe ya mafuta, na vichanja vya sabuni zilizokatwa vipande vikikauka. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, kitambaa kimefungwa kichwani kwa nguvu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Hukulala, mama?"

"Nani amelala, afande? Siku kama hii?"

"Uliingia saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na robo. Kama kila siku."

"Ulikiona chumba cha mikutano kikiwa wazi?"

"Sikutazama. Nilikuwa na madebe."

"Hebu nieleze kazi yako. Sabuni yako ikoje?"

Mama Povu akatazama sakafuni. "Yangu waulize wenzangu."

"Basi nieleze ya jirani yako. Wiki hii unamsemea nani?"

"Fundi Soli." Na hapo uso wake ukabadilika. Alikuwa ameifanya kazi hii miaka sita, na ulimi wake uliijua njia hata kama yeye mwenyewe hakuwa na nguvu za kutembea. "Yule mzee, afande, usimwone ametulia vile. Viatu vyake havikushonwa kwa ajili ya dirisha la duka, vimeshonwa kwa ajili ya mguu. Nesi anasimama tangu asubuhi mpaka jioni, wengine wana mimba, wengine miguu imevimba. Yeye analifikiria hilo kabla hajakata ngozi. Hebu fikiria soli ya ndani tu. Nani angekaa aitoboe vitundu vile, kimoja kimoja, vimepangwa kwa mstari kama vya chujio, ili mguu wa mtu asiyemjua upumue? Mashine haiwezi. Mtu wa kawaida hawezi. Nakwambia nilipoviona nili..."

Akanyamaza.

Inspekta aliweka kalamu chini. Mafuta yalikuwa yanachemka taratibu kwenye sufuria.

"Uliviona lini, mama?"

"Jumamosi. Alipokuwa anavishona."

"Jumamosi havikuwa na vitundu."

"Basi... basi jana."

"Jana alivitoboa peke yake na kuvifunga peke yake. Vitundu vile vimeonwa na watu wawili tu. Aliyevitoboa, na aliyefungua sanduku."

Mama Povu aliinua upindo wa khanga akajifuta uso, na alipomaliza hakuushusha.

"Konstebo, andika saa," alisema Inspekta. "Mama, sikiliza vizuri. Una haki ya kunyamaza. Utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumika kama ushahidi."

"Nimenyamaza vya kutosha," alisema Mama Povu nyuma ya khanga. "Sogeza yale madebe."

Konstebo alisogeza madebe matatu matupu nyuma ya vichanja. Sanduku lilikuwa hapo, limefunikwa gunia. Utepe ulikuwa umechanika, lakini ndani vitu vyote vilikuwepo. Karatasi ya viatu ilikuwa imefunguliwa na kufungwa upya, vibaya.

Habari haihitaji miguu. Kabla Inspekta hajanyanyua kifuniko mara ya pili, wale wanne wengine walikuwa wamejaa mlangoni, Mama Pindo mbele.

"Wewe?" alisema Mama Pindo. "Wewe, dada yangu?"

"Mimi."

"Nani amekutuma? Umeahidiwa nini?"

"Hakuna aliyenituma. Sikutaka kuiba sanduku. Nilitaka kutoa sabuni yangu tu, nifunge, niondoke. Lakini vifurushi vyote vimefanana. Nilichofungua kwanza kikawa viatu. Nikaviona vile vitundu, nikasimama pale kama mjinga, nikasahau nilichokuja kufanya. Halafu nikasikia toroli la Mchapaji kwenye korido, na utepe ulishachanika mikononi mwangu, sahihi zenu zote. Nikatia sanduku kati ya madebe kwenye toroli langu nikaondoka. Niliona bora lisiende kabisa kuliko liende na sabuni yangu."

"Sabuni yako ina nini?" aliuliza Seremala. "Sabuni yako haina mfano."

"Inachoma!" Mama Povu alishusha khanga. "Inachoma, na msiniambie tena kwamba haina mfano. Nilinunua mzani mpya mwezi uliopita. Mzani unadanganya. Soda kali ilizidi, na mimi nikaharakisha, sikuziacha sabuni zikae wiki zake zipungue ukali. Zile ndizo nilizowagawia nyote, na zile ndizo zilizomo sandukuni. Jana, wakati wa kutia sahihi kwenye utepe, Fundi Soli alivua glavu ashike kalamu. Nikaona vidole vyake. Ngozi imechunika, nyama nyekundu. Akasema ni gundi, naye ndiye anayenawa kwa sabuni yangu mara nyingi kuliko nyote. Gundi ameishika miaka arobaini haijamchuna, ije imchune mwezi huu? Nikaenda nyumbani, nikaweka povu kwenye mkono wangu, nikahesabu nusu saa."

Akakunja mkono wa gauni. Hapakuhitajika daktari kueleza.

Mama Pindo alishika kichwa. "Kwa nini hukusema? Jana tulikuwa wote pale."

"Ningesema wapi? Kwenye viti vyetu? Miaka sita hakuna aliyesema neno baya pale, hata la mchezo. Kila mkisimama mnanisifu, na kila mkinisifu naogopa zaidi. Mlishanipandisha juu kiasi kile, ningeshukaje? Nilitaka kufa kwa aibu. Nimeona bora niitwe mwizi kuliko nesi aoshe mtoto mchanga kwa sabuni yangu, na bora niitwe mwizi kuliko niwaambie kwa mdomo wangu. Ujinga. Najua ni ujinga."

Fundi Soli alikuwa bado mlangoni. Alipita katikati ya wenzake, polepole, akavua glavu moja, halafu ya pili. Mchapaji aliona vidole vile, akageuka ukutani.

"Nilijua," alisema mzee.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni sabuni. Nilijua tangu siku ya nne."

Mama Povu alimtazama kwa muda mrefu. "Na hukuniambia?"

"Jumanne iliyopita ilikuwa zamu yangu kukusemea." Mzee alitazama vidole vyake. "Nilisimama nimevaa glavu, nikasema sabuni yako ni laini kama maziwa. Nilisema hivyo, na vidole vinaniwaka ndani ya pamba. Niliogopa kukuvunja moyo. Na niliogopa tenda isiharibike, nisipelekwe kwenye kile chumba. Sasa nani mwizi zaidi, wewe au mimi?"

Inspekta aliandika maelezo yote mawili, ingawa ya mzee hayakuwa na kosa katika kitabu cha sheria.

Ilikuwa saa saba kasoro robo. Mama Pindo ndiye aliyekumbuka saa, na akasema lile ambalo wengine walikuwa wanalifikiria.

"Sanduku limepatikana. Afande, tunaweza kulichukua?"

"Konstebo apige picha, utie sahihi, mlichukue. Mama Povu ataondoka na mimi."

"Basi jamani, tulipeleke lilivyo. Hospitali haitaifungua sabuni leo. Tukishapata tenda, tutapika nyingine. Nani atajua?"

Mchapaji alikohoa. Seremala akatazama viatu vyake. Inspekta alisubiri, jambo hili halikuwa lake.

Fundi Soli aliinama sandukuni kwa vile vidole vyake, akatoa kifurushi cha sabuni, akakiweka juu ya kichanja.

"Hii haiendi."

"Mzee, tenda ni ya wote au hakuna," alisema Mama Pindo, na sasa alikuwa analia. "Bila sabuni watatukataa. Wewe ndiye utakayeumia kuliko sote."

"Najua atakayeumia ni mimi. Watukatae tu. Na leo nitasema mimi."

Walifunga sanduku kwa kamba ya viatu, kwa kuwa utepe ulikwisha, wakaondoka wanne.

Kituoni Mama Povu aliketi kwenye benchi la mapokezi. Alipewa chai, haikunywewa. Inspekta alikaa mezani kwake na jalada la wizi, akaandika mistari miwili, akaikata. Saa tisa ikapita. Saa kumi ikapita. Kila simu ilipolia mwanamke yule alishtuka, na kila mara ilikuwa habari ya mtu mwingine.

Saa kumi na robo alipiga Mama Pindo. Inspekta alisikiliza sana, akasema "naam" mara nyingi, kisha akatoka akaketi kwenye benchi, jambo ambalo konstebo hakuwahi kumwona akilifanya.

"Wanunuzi walitaka kuwafukuza," alisema. "Walihesabu vitu, wakaona vinne. Fundi Soli akaomba aseme. Hakusema habari za viatu kabisa. Alikusemea wewe."

"Alisemaje?"

"Alisema sabuni yako inachoma."

Mama Povu alifumba macho.

"Akawaonyesha mikono. Akasema, 'Hili ndilo kosa letu, na leo tumelileta sisi wenyewe kabla hamjaliona.' Mkubwa wao akauliza kuna kosa gani jingine. Seremala akasema kigoda chake mguu mmoja umezidi kidogo. Mchapaji akataja kadi zenye herufi ndogo mno. Mama Pindo anasema walikaa saa nzima wakijitoa kasoro, na wale wanunuzi wanaandika." Inspekta alikuna shingo. "Wamewapa miezi mitatu ya majaribio. Viatu wamevichukua leo leo. Sabuni mtaileta baadaye, ikiwa na cheti cha maabara."

"Na mimi?"

"Mama Pindo anakuja kuzungumza habari ya shauri lako. Mimi siwezi kufunga jalada kwa huruma, lakini mlalamikaji akitaka kuyaondoa malalamiko yake, ulimi ni wake."

Mama Povu hakuuliza zaidi habari ya jalada. Alikuwa anashika mkono wake ulioungua.

"Kuna jingine alilosema mzee?"

"Alisema utapika nyingine," alisema Inspekta, "na kwamba safari hii ya kwanza ataijaribu yeye, na ikimchoma atakwambia siku hiyohiyo."

Hapo ndipo Mama Povu alipolia, kwa sauti, mbele ya askari na wezi wa kuku waliokuwa wakisubiri zamu yao, na hakujificha uso.